Je, Petroli ni Mkate wa Kila Siku?

Darasa la kipaimara usharikani kwetu hukutana Jumamosi asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Mwezi Agosti 2022 tulikuwa tumefika kwenye ombi la nne la Sala ya Bwana. Katika Katekismo Ndogo, Martin Luther anauliza mkate wa kila siku ni nini, kisha anajibu kwa orodha ndefu: chakula na kinywaji, mavazi na viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, serikali njema, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki wema na majirani waaminifu. Watoto huikariri kwa sauti ya kuimba, na karibu kila mwaka kuna anayesahau viatu. Siku hiyo kijana mmoja, ambaye kaka yake anaendesha bodaboda, aliinua mkono akauliza, "Mchungaji, na petroli imo?"

Wenzake walicheka. Mimi pia nilicheka, nikamjibu kwamba Luther aliandika mwaka 1529, na wakati huo pikipiki hazikuwapo. Tukaendelea na ombi la tano. Lakini nilipokuwa nafunga mlango nilijua kwamba nimemkwepa mtoto. Viatu vimo katika orodha kwa sababu mtu wa siku zile aliyekwenda kazini alivihitaji. Kaka wa kijana yule hawezi kufanya kazi bila petroli. Tofauti iko wapi?

Msomaji asiyeifahamu milima yetu ya Usambara anivumilie kidogo. Kabeji, karoti, nyanya na viazi vinavyolimwa Lushoto huteremka kwa Fuso kupitia kona za barabara ya Mombo, kisha husafiri zaidi ya kilomita 300 hadi masoko ya Dar es Salaam. Mkulima wetu akiuza kabeji anauza pia dizeli itakayoifikisha sokoni. Dizeli ikipanda, dalali hapunguzi faida yake, anapunguza bei ya shambani. Mbolea ya urea nayo hutengenezwa kwa gesi asilia, na mwaka huohuo ilipanda sambamba na mafuta. Basi mkulima alibanwa na mbolea wakati wa kupanda, akabanwa na usafiri wakati wa kuvuna, hali yeye mwenyewe hana hata baiskeli.

Chanzo cha yote kilikuwa mbali. Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, na mwezi Machi pipa moja la mafuta ghafi, yaani lita 159, lilipita dola 120 katika soko la dunia. Nchi yetu huagiza kutoka nje petroli na dizeli yote inayotumia. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, na watu wa kwetu walianza kuisubiri Jumatano hiyo kwa hofu. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni ili kupunguza makali, na hata hivyo mwezi Agosti bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita. Milimani huwa ni zaidi ya hapo, kwa sababu mafuta nayo hupandishwa mlima kwa mafuta.

Wazee wetu hawakushangaa sana. Wanakumbuka miaka ya sabini, bei ya mafuta ilipopanda duniani na serikali ikakataza magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mzee mmoja wa kanisa hupenda kutueleza jinsi ibada zilivyokuwa fupi enzi hizo, maana wenye magari walikuwa wakiangalia saa kuanzia mahubiri. Simsadiki sana, kwa kuwa wenye magari huku milimani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wiki mbili baada ya swali la kijana yule, mama mmoja mjane alinijia baada ya ibada. Yeye huuza petroli kwa chupa kando ya barabara, katika kijiji ambacho sheli iliyo karibu iko mbali. Najua, na yeye anajua, kwamba biashara hiyo ni ya hatari na hairuhusiwi. Lakini bila yeye bodaboda za kijiji kile husimama. Alisema, "Baba Mchungaji, watu wananiita mnyonyaji. Nauza elfu nne kwa lita, na sheli ni elfu tatu mia nne hamsini. Je, ninatenda dhambi?"

Sikumjibu pale pale. Niliomba tukae tupige hesabu. Dumu la lita 20 lilimgharimu shilingi 69,000 kwenye sheli. Kulipandisha kwa pikipiki ni 5,000. Akiliuza lote kwa chupa anapata 80,000. Basi anabakiwa na shilingi 6,000, kabla ya kutoa ile inayomwagika na inayovukiza, na dumu moja humchukua siku tatu kuliuza. Ni shilingi 2,000 kwa siku. Kibarua wa kulima kijijini hapo wakati ule alikuwa analipwa 5,000.

Hesabu hiyo sikuibuni mimi. Mwaka 1524 Luther aliandika kitabu kidogo juu ya biashara na riba, na sisi Walutheri tunakisoma mara chache mno. Wafanyabiashara wa siku zake walikuwa na kanuni yao, kwamba mtu ana haki ya kuuza kwa bei ya juu kabisa kadiri soko litakavyomruhusu. Luther aliikataa kanuni hiyo kabisa. Kwake, anayeuza kwa kanuni hiyo ameufanya uhitaji wa jirani yake kuwa ndiyo bidhaa: jirani akizidi kushikwa na shida, bei inazidi kupanda. Aliona ni vema wenye mamlaka wapange bei wakiwa na watu wenye hekima. Isipowezekana, bei ifuate ile ya kawaida ya soko. Na muuzaji anayetaka dhamiri safi alipewa kipimo: ahesabu gharama zake, taabu yake na hatari yake, kisha autazame ujira wa kibarua wa siku, ajue kazi yake yastahili kiasi gani.

Kwa kipimo hicho mama yule hakuwa mnyonyaji. Alikuwa akijipunja. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, halafu akasema kwamba wiki iliyopita alimpa dereva chupa mbili za mkopo usiku, ampeleke mzazi hospitali, na hajalipwa. Hakulisema kwa kujisifu. Alitaka kujua kama ni halali kumdai mume wa mzazi. Nikamwambia ni halali, asubiri tu mtoto atimize arobaini.

Ni rahisi kwa mhubiri kumkemea mwenye chupa kwa sababu anaonekana. Walio na maghala hawaonekani. Mwaka 2023 bei ya petroli Dar es Salaam ilitoka 2,736 mwezi Julai ikafika 3,199 mwezi Agosti, na mwaka huo vituo kadhaa nchini vilifungiwa kwa kosa la kuhodhi mafuta vikisubiri bei mpya. Nabii Amosi, katika sura ya nane, aliwaona watu wa namna hiyo: wanaotamani mwezi mpya na sabato vipite upesi ili wafungue ghala wauze nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa. Badala ya sabato weka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mambo ni yaleyale. Mithali 11:26 nayo yanena juu ya laana ya watu kwa anayezuia nafaka, na baraka kwa anayeiuza. Andiko halimlaumu anayeuza. Linamlaumu anayezuia wakati watu wanahitaji.

Hapa niungame jambo la zamani. Nikiwa mchungaji kijana nilihubiri juu ya wanawali kumi wakati mafuta yalipokuwa yameadimika mjini, nikawasifu mno wale watano waliobeba akiba. Jumatatu yake mzee mmoja alinionyesha madumu manne aliyoyaficha chini ya kitanda, akanishukuru kwa mahubiri. Nyumba ilinuka petroli hadi jikoni. Tangu siku hiyo sijalihubiri fungu hilo bila kueleza kwanza ni mafuta gani.

Turudi kwa swali la mtoto. Kwa upande mmoja jibu langu leo ni ndiyo, imo. Kile ambacho mtu hawezi kulima, kuuza, kutibiwa au kuzika bila hicho kimeingia katika ombi la nne, tupende tusipende. Katika Katekismo Kubwa Luther anasema ingefaa ngao ya mtawala mwema ichorwe mkate badala ya simba, ili watu wakumbuke kwamba kwa mkono wa mtawala ndipo Mungu huwapa riziki na amani. Kama ni hivyo, kodi na tozo zilizomo katika kila lita, ruzuku na ukaguzi wa vituo ni mambo ambayo Mkristo anayaombea na kuyahoji akiwa anasali Baba Yetu. Hakuna sababu ya kusema siasa zimeingia kanisani. Zilikuwamo ndani ya sala tangu mwanzo. Tena serikali ina ugumu wake: tozo ileile inayompandishia bodaboda bei ndiyo inayojenga barabara anayopita. Asiyekiri ugumu huo hajawahi kukaa kwenye baraza la bajeti, hata la usharika.

Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio ulionipa shida. Mkate wa kila siku ni wa kila siku. Mana ya jangwani, mtu akiiweka mpaka asubuhi, iliingia funza. Mafuta ya ardhini hayako hivyo. Yalikusanyika chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, nasi tunayachoma kwa vizazi vichache, na moshi wake unabaki hewani. "Hali nzuri ya hewa" imo katika orodha ileile ya Luther. Sisi tunaotegemea vuli na masika tunaona mvua inavyochelewa, kisha inavyokuja yote kwa wiki moja na kuteremka na mashamba. Basi tunaomba vitu viwili katika ombi moja, na kimoja kinakiumiza kingine. Mkulima wa kwetu, ambaye amechoma mafuta kidogo kuliko karibu watu wote duniani, ndiye anayelipa mara mbili: kwa bei na kwa mvua.

Wapo wanaonijibu kwamba shida itakwisha bomba likikamilika. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, hapa hapa mkoani kwetu Tanga. Mafuta yake ni mazito, hugandamana kama samli, kwa hiyo bomba hupashwa moto njia nzima ili yatiririke. Nawaheshimu waliopata ajira humo, na nawakumbuka waliohamishwa kwenye mashamba yao. Lakini mafuta ghafi hayo yanajengewa njia ya kupanda melini. Petroli ya mama yule itaendelea kushushwa kutoka melini. Hata kama ingekuwa ya kwetu wenyewe, wapo majirani wa visima duniani ambao ni maskini kuliko sisi, na sijui kwa nini tujidhanie tutakuwa tofauti bila kubadilika kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nilitaka kuliandika tangu mwanzo na nikawa naliahirisha.

Usharika wetu una mitaa mitano. Wa mbali zaidi, tunaouita mtaa wa juu, una familia kama thelathini, na mwinjilisti wake ni mzee anayekaribia kustaafu. Baraza lilikuwa limetenga shilingi 100,000 kwa mwezi kwa ajili ya petroli ya pikipiki ya mchungaji. Mwanzo wa mwaka 2022 fedha hiyo ilininunulia lita 40. Kufika Agosti ilininunulia 29. Sadaka haikuongezeka, kwa sababu kabeji haikuwa na bei. Ilibidi lita 11 zipunguzwe mahali fulani, na nilizipunguza mimi, bila kumwuliza mtu. Mikutano ya jimbo niliendelea kuhudhuria. Harusi sikukosa hata moja. Mtaa wa juu niliokuwa nafika mara mbili kwa mwezi nikaanza kufika mara moja kwa miezi miwili. Katika taarifa yangu kwa baraza niliandika "changamoto ya mafuta," na wazee wakatikisa vichwa kwa huruma, maana kila mmoja wao alikuwa na changamoto hiyohiyo.

Kule juu kulikuwa na bibi mmoja aliyelazwa na miguu. Mwezi wa Septemba alimtuma mwinjilisti aniombe nimletee Meza ya Bwana. Nilisema nitakuja. Mwezi wa Oktoba alituma tena. Nilisema nitakuja nikipata mafuta, na kwa kweli wiki ile tangi lilikuwa tupu, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kwenye harusi upande wa Soni. Alifariki Jumanne moja kabla sijafika.

Habari ilipofika, mafuta ya mazishi yalipatikana ndani ya saa moja. Mzee wa kanisa alitoa elfu kumi, kwaya ikachanga, mtu akaleta chupa tatu. Tulipanda na pikipiki nne na gari moja la kukodi. Nilihubiri, na nilihubiri vizuri. Baada ya kuzika, binti wa marehemu alinishika mkono akanishukuru kwa kufika. Alisema, "Mama alikuwa anasema Mchungaji ana kazi nyingi." Nimejaribu mara nyingi kusikia lawama katika maneno yale na sikuipata. Ingekuwa nafuu kama ingekuwamo.

Kutoka nyumbani kwangu hadi mtaa wa juu ni mwendo wa saa mbili na dakika arobaini kwa miguu. Nimeupima baadaye. Wamisionari wa Betheli na wainjilisti wa Kisambaa walioanza kazi hapa milimani tangu 1891 waliipanda na kuishuka milima hii kwa miguu; babu yangu mwenyewe alibatizwa na mtu aliyekuja kwa miguu. Wala hakuna siku hata moja, kati ya Septemba na Oktoba, ambayo wazo la kutembea lilinijia kichwani. Hilo ndilo linalonitisha. Kama ningefikiri kutembea nikaona uvivu, ingekuwa dhambi ninayoifahamu. Mimi sikufikiri kabisa. Katika amri ya kwanza Luther anafundisha kwamba mungu wa mtu ni kile ambacho moyo wake umekitegemea kwa mema yote, na alikuwa na mali na elimu machoni. Mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo bila petroli hapakuwa na uchungaji. Nilikuwa nikisema "hakuna mafuta" kama ambavyo mwingine angesema "haijampendeza Mungu."

Kwa hiyo sikubaliani tena na wanaosema kupanda kwa bei ndiko kulikotupunguzia huduma. Bei ilipunguza lita 11. Nani azikose lita hizo, hilo liliamuliwa na mimi, na niliamua kwa utaratibu uliokuwa umekaa ndani yangu miaka mingi wakati mafuta ni rahisi na hakuna aliyeuona. Aliyekuwa mbali na asiye na sauti kwenye baraza alikuwa wa mwisho siku zote; ila kwa lita 40 hata wa mwisho alifikiwa. Nadhani ndivyo ilivyo hata kwa taifa, na kwa mataifa. Mafuta yakipungua, angalia ni safari ipi inafutwa kwanza, gari la wagonjwa la zahanati au msafara.

Sala inasema "utupe," haisemi "unipe." Kijana wa kipaimara aliuliza kama petroli imo katika mkate wa kila siku, na sasa ningemjibu: imo, na kwa sababu imo, si yako peke yako hata ukiwa umeilipia.

Niliungama mbele ya baraza mwezi Novemba. Wengine walinitetea, jambo lililonisumbua kuliko kama wangenikemea. Mzee mmoja alikasirika, si kwa ajili ya bibi, ila kwa sababu niliandika taarifa isiyo kamili, na alikuwa na haki. Tulikubaliana kwamba lita za kwanza za kila mwezi ni za mtaa wa juu na za wagonjwa, mikutano ya jimbo nidandie gari la usharika jirani, na mwenye harusi agharimie safari ya mchungaji. Hilo la mwisho limeleta manung'uniko ambayo hayajaisha hadi leo.

Mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi, ninapanda kwa miguu. Goti la kushoto halilipendi. Mwinjilisti mzee hunicheka nikifika, hunipa uji kwanza, kisha tunaenda kwa wagonjwa. Kijana aliyeuliza swali amemaliza shule, naye sasa ana bodaboda ya mkataba, mara nyingine hunikuta kwenye kona ya juu ya msitu, husimama na kusema, "Panda, Mchungaji, naelekea hukohuko." Huwa namwuliza kwanza leo lita ni shilingi ngapi.